Mzee wa Unyamwezini asiye na papara

Mpenzi msomaji, wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi na madisko, twende zetu Unyamwezini bila viza. Kuna mzee mmoja kule nataka umjue. Usigune, ni mti!

Unaitwa mwaloni mweupe, ukoo mmoja na mialoni unayoisikia kwenye Biblia. Kwao ni mashariki ya Marekani, toka Maine hadi kaskazini ya Florida, magharibi hadi Minnesota na Texas. Vilimani unaota, mabondeni unaota, ila maji yaliyotuama haupatani nayo.

Sasa usije ukaingizwa mjini, maana una binamu yake, mwaloni mwekundu. Tazama jani. La mweupe limekatwakatwa pembeni, lakini ncha zake ni za mviringo kama vidole vya mtoto. La mwekundu lina ncha kali zenye kijinywele. Gome la mweupe nalo ni la rangi ya majivu, linabanduka magamba magamba.

Tofauti kubwa iko ndani. Chukua kijiti kifupi cha mwekundu, chovya upande mmoja majini, puliza upande wa pili. Mapovu hayo! Vimirija vyake viko wazi. Vya mweupe vimezibwa, ndiyo maana mapipa yake hayavuji. Wale wazee wa bourbon sheria inawabana waweke kinywaji chao kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, na mti wanaoutegemea ni huu huu.

Kukua sasa, hapo ndipo penye utamu. Mbegu ikidondoka mwezi wa 9 au wa 10, haina habari ya kujionyesha. Inateremsha mzizi kwanza, majani yanangoja mpaka baridi ipite. Kuzaa mbegu kwa wingi? Subiri kama miaka 50. Ule maarufu wa Maryland, Wye Oak, ulikadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 450 ulipoangushwa na dhoruba Juni 2002. Kiunoni ulikuwa na mzunguko wa mita 9 na ushee!

Lakini kuna kasheshe, jamani. Wazee bado wapo wengi, watoto ndio hawafiki ukubwani. Zamani wenyeji wa asili walikuwa wakiwasha moto mdogo mdogo msituni. Mwaloni, kwa gome lake nene na mzizi wake mrefu, ulinusurika au ukachipua tena, washindani wakaungua. Karne ya 20 moto ukapigwa marufuku, miti inayovumilia kivuli ikajazana, miche ya mwaloni ikakosa jua. Inayobaki inatafunwa na kulungu.

Watu wa misitu wanahangaika sasa hivi kufungua mwanga, kwa sababu pipa la mwaka 2100 linatoka kwenye mche wa leo. Huwezi kuuharakisha kwa hongo wala kwa kujuana.

Nasi vijana wa mjini tunataka gari kabla ya kazi, na jina kabla ya ujuzi. Mimi nasema tuuige mti huu: mzizi kwanza, majani baadaye. Halafu wewe mwenye nafasi, usimzibe kinda jua.

Tukutane wiki ijayo!