Kijana Arudipo kutoka Kizuizini

Mtu aliyefungiwa tangu ujana, akatoka akiwa na ndevu, hurudi na upungufu ambao jirani zake hawautambui. Hajapata kuchagua hata saa ya kulala. Twamwona mzembe, kumbe angali akingoja filimbi.

Katika nchi yetu jambo hili si geni. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba, 1952, wavulana wengi walikamatwa pamoja na baba zao, na wengi hawakufikishwa mbele ya hakimu. Mwaka wa 1955 baadhi yao walitolewa katika kambi kama Manyani, wakapelekwa Wamumu, upande wa Mwea, alikofanya kazi Bwana Geoffrey Griffin. Huko walifundishwa kusoma, useremala na uashi. Kazi hiyo ilisifiwa sana, na ilistahili. Lakini ufundi mwema haufuti dhuluma ya kumzuia mtoto bila hukumu. Yafaa yasemwe yote mawili.

Waliorudi nyumbani walikuta watu wamehamishiwa vijiji vipya na mipaka ya mashamba imebadilishwa. Tena waliogopwa, na seremala anayeogopwa haletewi hata kiti kilichovunjika mguu.

Bwana Joseph Kamiru Gikubu alikuwa miongoni mwa vijana waliozuiliwa siku zile. Mwaka wa 1959 yeye, Bwana Griffin na Bwana Geoffrey Geturo walianzisha Starehe, mjini Nairobi, katika vibanda viwili vya bati, ili kuwapokea watoto wasio na makao. Shule hiyo ikakua ikajulikana kote, na wanafunzi wake wakazoezwa kutoa msaada wa hiari katika hospitali na ofisi za umma. Ndugu msomaji, angalia alichokabidhiwa Bwana Gikubu: si jembe wala koti kuukuu, bali watoto wa watu.

Hapo ndipo tunaposhindwa sisi. Arudipo kijana kutoka gerezani twampa chakula, hata kibarua cha kupalilia, lakini ufunguo wa ghala twauficha. Naye aona.

Makarani wa vyama vya ushirika wasomao safu hii wanajua kwamba msimu wa kahawa ukianza hutafutwa mtu wa kushika mizani. Kama yuko kijana wa namna hiyo kijijini, naye anajua hesabu, aitwe ajaribiwe pamoja na wengine, mbele ya wakulima wote.