Fidla ya mtoto si kiatu cha "atakua nacho"

Mzazi wa Abuku, Koboko, akimnunulia mwanawe fidla kubwa ili asinunue tena, atabakiza shilingi na kumpoteza mwanamuziki. Mkono mfupi ukivutwa kupita kiasi, bega hupanda, shingo hukakamaa, vidole huubana upinde na sauti hukwaruza. Mtoto huumia, kisha huacha.

Mafundi wa adungu West Nile huchonga ndogo na kubwa. Viwanda vya fidla navyo hutengeneza za robo na nusu kwa watoto. Wanaoleta bidhaa kutoka Kampala na Nairobi walete na hizo.

Mtoto apimwe kwanza. Mabega yashuke, kidole gumba kikunjwe kidogo, upinde ushikwe bila kukabwa. Bei ijadiliwe baadaye.