Si Kila Kilichopigwa Chapa ni Nasaba

Ndugu zangu wa Lubunga, nanyi mlio ng'ambo ya kulia ya mto, leo nina neno na sitalizungusha. Imezuka tabia ya kumaliza ubishi wa ukoo kwa kunyanyua kijitabu. Wazee wamekaa kikao, huyu anakumbuka hili, yule anakumbuka lile. Mara anasimama kijana msomi na karatasi zake za fotokopi zilizobanwa kwa pini, anasoma kwamba babu fulani ndiye aliyetangulia kufika ukingo huu wa mto. Basi, kikao kimekwisha! Wazee wananyamaza, eti kitabu kimesema.

Faida ya kujua asili hatuijadili. Mkataa kwao ni mtumwa, na kila mcha Mungu, awe wa kanisani au wa msikitini, anajua kwamba huwezi kuwaheshimu wazazi usiowajua. Kinachonikera ni uvivu wa kuamini maneno kwa sababu tu yamepigwa chapa.

Kijitabu kimoja cha namna hiyo nimekishika mkononi. Jaladani kuna picha ya shefu aliyevaa ngozi ya chui. Ndani umo mlolongo wa mababu, wanaume watupu, huyu kamzaa huyu, naye kamzaa yule, wala hakuna mwanamke hata mmoja aliyebeba mimba. Mbele kidogo nasoma kwamba babu mkuu alimfanyia Stanley kazi kwenye reli ya Lubunga. Masikini! Stanley alipita maporomoko yetu Januari 1877, akarudi mwishoni mwa 1883 kuweka kituo chake. Reli ya kutoka ukingo wetu wa kushoto hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, ilifunguliwa 1906, na Stanley alikwisha kufa Uingereza tangu 1904. Mwandishi hakuuliza, msomaji hakuuliza, na watoto wanakariri.

Tena msidhani vitabu vya wazungu viko salama kwa kuwa ni vya zamani. Wabelgiji walipotunga sheria ya usultani wa wenyeji tarehe 2 Mei 1910, wakaipanga upya tarehe 5 Desemba 1933, maofisa wao walizunguka vijijini na makarani na wakalimani wakiuliza: mkubwa hapa ni nani, ukoo gani ulitangulia? Aliyejibu alijua kwamba mwisho wa maswali kuna medali ya ushefu. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Jibu likaandikwa, likapelekwa ofisini, likawa historia. Leo mjukuu ananakili ripoti ile bila kusema ameitoa wapi, mwingine ananakili kwa mjukuu, kisha sisi tunapiga makofi kwamba vitabu viwili vimekubaliana. Shahidi ni yule yule mmoja, na siku ile alikuwa anagombea cheo.

Na mkitaka ushahidi mkubwa zaidi, yupo Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa maporomoko haya haya kwa niaba ya mfalme Leopold. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Humo anaeleza alivyopata kusikia kwamba sultani wa Utetera, mzee Kasongo Rushie, alinyang'anywa dada zake wawili vitani zamani. Akaenda kwa mzee akijidai kuwa mjukuu wa mmoja wa dada wale. Mzee akafurahi kuona damu yake imerudi, akamkabidhi nchi. Nchi nzima, kwa nasaba ya mdomo tu! Ikiwa mzee mwenye akili zake alidanganywa uso kwa uso, wewe utaponaje kwa karatasi ya mtu usiyemjua?

Hapa kwetu jambo hili si mchezo. Tangu 2023 ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umemwaga damu Lubunga. Nyumba zimechomwa, maelfu wamevuka mto kukimbilia mjini. Sisemi kwamba vijitabu ndivyo vilivyowasha moto. Nasema kwamba mahali ambapo swali la nani mwenyeji limekuwa la kufa na kupona, anayechapisha nasaba ya kubuni anatenda dhambi, na anayeitangaza bila kuipima anashiriki dhambi hiyo.

Halafu kuna wale wanaosafisha ukoo. Bibi aliyeletwa akiwa mateka enzi za Wangwana wa Tippu Tip, bibi aliyetolewa kulipa deni, hao wanafutwa ili ukoo uonekane wa masultani watupu. Injili ya Mathayo inaanza na ukoo wa Bwana wetu, na wamo Rahabu kahaba wa Yeriko na Ruthu mgeni wa Moabu, wametajwa kwa majina. Ndugu zetu Waislamu nao wanajua agizo la Kurani kwamba mtoto aitwe kwa baba yake wa kweli. Ninyi ni nani mpaka muone haya zaidi ya vitabu vitakatifu?

Wana Lubunga si wajinga, nawajua. Ninyi mnaomhoji muuza samaki mpaka aseme kavuliwa wapi na lini, mnashindwaje kukihoji kitabu? Kiulizeni: nani amekuandika, nani alimsimulia, nani alilipia chapa, na jirani aliyetajwa humo anasemaje? Jan Vansina, aliyeyachunguza masimulizi ya wazee wa Kongo, alifundisha tangu 1961 kwamba neno la mdomo nalo hupimwa vile vile kama hati.

Mbona vya kupimia tunavyo? Misheni ya Mtakatifu Gabrieli, aliyoianzisha Padri Grison mwaka 1897, iliandika wabatizwa na wazazi wao. Ila angalieni sana mwaka 1972: Mobutu alipokataza majina ya kizungu, aliyebatizwa Petro alipata kitambulisho chenye jina jingine kabisa, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani babu amepotea. Kipimo kingine ni ngoma: waulizeni Walokele. John Carrington, mmisionari wa Yakusu aliyejifunza ngoma yao ya mti, alieleza kwamba mtu ana jina lake la ngoma, na linapopigwa kwa ukamilifu hutaja lake mwenyewe, la baba yake, na kijiji cha mama yake. Kijiji cha mama! Ngoma imehifadhi kile ambacho kijitabu chenye ngozi ya chui kimekitupa.

Na hapa siwezi kunyamaza juu ya matanga yetu. Tunachanga franga kwa vitenge vya sare, tunakodi viti na muziki, watu wanakunywa mpaka alfajiri. Muulize aliyevaa sare hiyo: mama wa marehemu alizaliwa kijiji gani? Anakodoa macho. Zamani usiku wa matanga mzee alisimama akautaja ukoo mzima, na aliyekosea alisahihishwa palepale na shangazi. Sasa kipaza sauti kinapigia kelele wafu na walio hai. Kisha, ukoo ukishasahauliwa, tunanunua kijitabu!

Nawaomba basi, kabla mwaka huu haujaisha, kila nyumba itafute daftari moja. Mwendeeni bibi mzee kuliko wote, wa upande wa mama kwanza, kisha wa upande wa baba. Andikeni majina yote ya kila mtu, la ubatizo, la 1972 na la nyumbani, na pembeni mwandike nani aliyewaambia na tarehe gani. Wakitofautiana wawili, andikeni yote mawili, msichague linalopendeza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na yule mwenye kijitabu akija kikaoni, mkaribisheni, mpeni kiti, kisha mwambieni asome polepole mbele ya bibi huyo.