Kahawa ya Wote, Dawa ya Mmoja

Kahawa ya mkulima mdogo wa Kilimanjaro haifiki mnadani peke yake. Kahawa ya maganda ya wanachama wa chama cha msingi huchanganywa ghalani, ikakobolewa na kuuzwa kwa pamoja. Mwanachama mmoja aliyepulizia dawa isiyoruhusiwa, au aliyechuma kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kwisha, anaweza kuwaharibia wenzake wote soko. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku klopirifosi, dawa ya kuua wadudu, mwaka 2020, na kwa dawa isiyowekewa kiwango chake maalumu, kikomo cha masalia huko ni miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu moja katika tani 100. Mwaka 2008 Japani ilikuta masalia ya viuatilifu katika kahawa ya Ethiopia na biashara ikayumba. Yaliyoshukiwa ni magunia, wala si mashamba.

Mnywaji, kusema kweli, ndiye mwenye hatari ndogo. Ganda na ute huondolewa, na moto wa kukaangia hupunguza sehemu kubwa ya kilichobaki. Anayekutana na sumu ikiwa mbichi ni mwenye bomba linalovuja mgongoni, pamoja na wote wanaoishi kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani: chini ya mibuni kuna maharage, na majani yanayokatwa humo ndiyo chakula cha ng'ombe wa maziwa. Tena dawa yenyewe pengine imenunuliwa kwa kipimo, ikamiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na jina wala maelekezo.

Hapo mkulima peke yake hana ujanja, chama kinao. Wanachama wanahimizwa kulifikisha jambo hili kwenye mkutano mkuu. Dawa inunuliwe na chama, iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na wapuliziaji wachache wafundishwe na kupewa vifaa. Kila upuliziaji uandikwe daftarini, na asiyetimiza siku, kahawa yake isipokelewe. Kipengele hicho kitaleta ugomvi, maana jirani ni ndugu, lakini bila hicho daftari litakuwa pambo tu. Magunia nayo yasilale chumba kimoja na dawa.

Njia ya kudumu iko kitaluni. Dawa nyingi za ukungu huishia kwenye chulebuni na kutu ya majani, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoko Lyamungu, imetoa aina chotara zinazostahimili magonjwa yote mawili. Kaya ikibadilisha mistari michache ya mibuni kila mwaka, mavuno hayakatiki. Inafaa vikundi vianzishe vitalu vyao mapema, ili masika yakifika miche iwe tayari.