Fidia ya Ulemavu Hupotea Kwenye Fomu, Si Mahakamani

Tukisikia "msaada wa kisheria", wengi wetu tunawaza wakili wa joho jeusi amesimama mbele ya hakimu. Ndiyo maana tunasema hayo ni mambo ya watu wa sheria, sisi wengine tuendelee na asaimenti zetu. Mimi nabisha. Mtu aliyepata ulemavu kazini mara nyingi haki yake hupotea mapema kabisa, kabla hakimu yeyote hajajua kwamba yupo duniani. Hupotea kwa sababu ya taarifa ambayo haikutolewa, kadi ya hospitali iliyoandikwa nusunusu na shahidi ambaye hakuombwa namba ya simu.

Kila aliyewahi kuomba mkopo wa Bodi anajua nguvu ya karatasi. Muhuri ukikosekana, au jina la cheti cha kuzaliwa lisifanane na la cheti cha kidato cha nne, basi unakaa kusubiri dirisha la rufaa huku wenzako wameshakula bumu. Wenzetu wenye ulemavu wanajua zaidi, maana wao huongezewa uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya. Na hapo tunazungumzia watu wenye simu janja, bando na rafiki wa kuuliza. Sasa mfikirie kibarua aliyeishia darasa la saba, yuko wodini, mkono umefungwa plasta, na hakuna aliyemwambia kuwa kuna fomu.

Watu hao tunao hapahapa. Tangu mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, mji huu haujaacha kujengwa. Angalia Mtumba kwenye Mji wa Serikali, uwanja wa ndege wa Msalato, reli ya SGR, barabara ya mzunguko, na nyumba za kupangisha zinazoota kila kona, zikiwemo hosteli tunazolala sisi. Nyuma ya kila jengo kuna mafundi na saidia fundi waliotoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, wengine Singida na Manyoni, baada ya mvua kugoma na mtama kukauka shambani. Wengi hawana mkataba wa maandishi. Wanalipwa Jumamosi kwa Jumamosi. Kwenye kazi hizo mtu anaweza kuamka mzima na jioni akawa hana vidole.

Sheria ipo, tena si changa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Inawahusu wafanyakazi wa sekta ya umma na ya binafsi Tanzania Bara. Mchango analipa mwajiri peke yake, kwa sasa asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Mtu akiumia au akiugua kutokana na kazi, mafao ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu na huduma za utengamao. Akifariki, wategemezi wake wana haki yao. Kwa hiyo fidia si huruma ya bosi wala si mchango wa harusi. Ni kitu ambacho kimewekewa fedha kabla hata mtu hajaumia.

Tatizo ni njia ya kutoka wodini mpaka kwenye Mfuko. Mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa, lakini kama hajasajili wafanyakazi wake, au anaogopa kukaguliwa, kukaa kimya kunamfaa yeye. Mfanyakazi anaweza kutoa taarifa mwenyewe, ila wengi hawajui. Anayejua kidogo hukimbilia CMA, ambako hupelekwa migogoro ya ajira kama kufukuzwa kazi, wakati dai la fidia lina mlango wake. Huku akizungushwa, muda unakwenda, na muda una ukomo kisheria.

Halafu kuna suala la asilimia, ambalo mimi ninayesoma takwimu linanikosesha usingizi. Ulemavu wa kudumu hupimwa na madaktari na kupewa kiwango. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Fikiria tofauti ya mtu wa 29 na mtu wa 32. Mmoja anapewa fedha mara moja, zinaishia kwenye madeni na ada za watoto, kisha basi. Mwingine ana uhakika wa kitu kila mwezi. Tofauti hiyo inaweza kutokana na ripoti ya daktari iliyoandika "mkono umepona" bila kueleza kwamba vidole havifungi na mwenye mkono hawezi kushika ndoo ya zege. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kuomba upitiwe upya na kukata rufaa. Lakini utakataaje uamuzi ambao hukuelewa umefikiwaje?

Nimeyaona haya nyumbani kwetu. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa saidia fundi kwenye ghorofa moja hapa mjini. Mirunda ilikatika, akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia. Fomeni alilipia hospitali siku mbili za mwanzo, akamwambia, "Pona kwanza, mambo mengine tutaongea." Ndugu wakaja na maneno yetu yaleyale: mshukuru Mungu uko hai. Mama mkubwa akauza mbuzi. Miezi saba ikapita, simu ya fomeni haipokelewi, na kila jirani ana ushauri wake. Akatokea na kishoka mmoja aliyejiita wakili, akataka laki mbili ya kufungua faili, na baadaye nusu ya malipo.

Aliyesaidia hakuwa wakili. Alikuwa mama mmoja msaidizi wa kisheria wa kata, aliyekuja nyumbani akakaa kwenye kigoda na kuuliza maswali matatu. Nani alikuona ukianguka? Ulikuwa unalipwa vipi? Kadi ya siku ya kwanza hospitalini iko wapi? Kumbe malipo ya wiki kadhaa yalipitia kwenye simu, na meseji zilikuwa bado zipo zenye jina la mlipaji. Hiyo ikawa ushahidi wa ajira ambayo haikuwa na mkataba. Kwenye kadi palikuwa pameandikwa "ameanguka" tu, bila kusema wapi, kwa hiyo ilibidi turudi hospitalini kuomba maelezo kamili. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga fotokopi, kuandika tarehe kwa mpangilio na kumsindikiza. Dai likapokelewa, hakuombwa hata senti. Lakini mkono uliokaa miezi saba bila mazoezi ya viungo haukurudi kama ulivyokuwa.

Jambo ninalotaka tulione ni kwamba hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyohitaji joho. Ilihitajika mtu anayejua mlango uko wapi, mwenye subira ya kusikiliza, na mapema. Angekuja wiki ya kwanza badala ya mwezi wa saba, pengine leo kaka angekuwa anashika mwiko.

Nchi imeshalitambua hilo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, hao tunaowaita maparalegali, waelimishe watu, wawasaidie nyaraka na kuwaelekeza mahali sahihi, bila kusimama mahakamani. Mwaka 2023 ilizinduliwa hapahapa Dodoma Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, na imezunguka mikoani. Ni jambo jema. Ila kampeni hukaa siku kadhaa kisha hema linakunjwa, wakati dai la ulemavu lina miezi. Anayeumia wiki moja baada ya hema kuondoka atamwona nani?

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Dodoma ina vyuo: UDOM, St. John's, Mipango, CBE, Hombolo na vingine. Kuna wanaosoma sheria, uuguzi, ustawi wa jamii, takwimu, lugha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamati yake ya msaada wa kisheria ina miongo mingi, kwa hiyo wazo la wasomi kushuka mlimani kusaidia wananchi si la ajabu nchini kwetu. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi ianzishe meza moja ya Jumamosi, karibu na hospitali au stendi, chini ya shirika lililosajiliwa kutoa msaada wa kisheria na mwalimu mmoja wa sheria. Kazi yake iwe ndogo na inayoeleweka: kuandika maelezo ya ajali yangali mabichi, kukusanya majina na simu za mashahidi, kutunza meseji za malipo, kuhakikisha kadi ya hospitali inasema "kazini", kuelekeza dai kwenye mlango wake, na kufuatilia mpaka majibu yatoke. Akija kiziwi, awepo wa kutafsiri lugha ya alama. Akija bibi anayesema Kigogo tu, wanetu wa Kigogo wamejaa vyuoni.

Nimeshasikia pingamizi. La kwanza, kwamba sisi si mawakili na tutaharibu mambo ya watu. Ni hoja ya kweli, na ndiyo maana nimesema chini ya shirika lililosajiliwa na mwalimu. Tukikutana na lililotuzidi, tunalipeleka kwa wakili wa kujitolea, hatujifanyi. La pili, kwamba huduma ya Mfuko ni bure na haihitaji mtu wa kati. Sawa kabisa, haihitaji mtu wa kati anayelipwa. Lakini bure isiyojulikana ndiyo inayomlisha kishoka. La tatu, kwamba tuna UE, tuna sapu, tuna msoto wetu. Saa tatu za Jumamosi, kwa zamu, mtu mmoja anafikiwa mara moja au mbili kwa semista. Mpira wa Ulaya tunautazama muda mrefu kuliko huo.

Wakati tunasubiri meza hiyo, kila msomaji anaweza kuanza na nyumbani kwao. Karibu kila mmoja wetu ana ndugu anayebeba zege, anayeendesha mashine ya kukoboa au anayepasua kokoto. Mpigie wiki hii. Mwambie atunze meseji za malipo, ajue jina kamili la anayemwajiri, na siku akiumia aseme hospitalini kwamba ameumia kazini, kisha taarifa ifike WCF haraka hata bosi akinyamaza. Simu hiyo haimalizi bando, na inaweza kuwa msaada wa kisheria pekee atakaoupata kwa wakati.