Bushi ya Gerezani Nayo ni Orijino

Kuna neno limepiga kambi mjini kwetu na mimi nimelichoka. Neno lenyewe ni "orijino". Ukiingia Kariakoo kutafuta spea ya pikipiki, hata salamu hujamaliza unaulizwa: "Unataka orijino au ya kawaida, bosi?" Muuzaji simlaumu, yuko kazini. Ninaowalaumu ni wenzangu, sisi tunaojiita wapenzi wa pikipiki za zamani. Tunanunua Honda, Yamaha na Suzuki za miaka ya sabini na themanini, tunazivua mpaka zibaki fremu, halafu tunazivalisha upya vitu vya kwenye boksi lenye maandishi ya Kijapani. Tukimaliza tunapiga picha, tunatangaza kwamba tumeifufua. Kumbe kuna historia nzima tumeiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Ngoja nieleze, maana najua kuna watakaosema huyu naye kakosa la kuandika.

Pikipiki hizi hazikuja nchini kwa ajili ya starehe za Jumapili. Nyingi zilikuja kufanya kazi. Zilipanda milima na mabwana shamba na mabwana mifugo, zilibeba mapadre na wauguzi, zilizunguka vijijini na maofisa wa miradi ya wafadhili zikiwa na namba za DFP. Zilikuwapo pia Honda 50 na 90 zisizo na mkono wa klachi, ambazo mwalimu wa shule ya msingi aliweza kuipanda na suruali yake ya kunyoosha bila kuchafuka. Zilipochoka zilipigwa mnada, na hapo ndipo maisha yake ya pili yalipoanza.

Maisha hayo ya pili yaliangukia kwenye ile miaka ambayo wazee wetu wakiitaja hushusha sauti. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hazionekani. Kipuri kutoka Japani kilihitaji kibali, na kibali kilihitaji dola ambazo nchi haikuwa nazo. Mwaka 1983, kwenye msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye duka halali aliyekuwa na boksi za ziada stoo alilala jicho moja wazi. Ni mpaka 1984 serikali iliporuhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, pasipo kuulizwa sana wamezitoa wapi, ndipo mambo yalipoanza kulegea.

Sasa niulize: katika miaka yote hiyo, nani aliyeziweka pikipiki hizi barabarani? Japani haikuwa na habari nazo. Zilikuwa mikononi mwa Gerezani, na mwa mafundi wa aina ya Gerezani kila mji wenye gereji chini ya mwembe. Nimefungua injini kadhaa za wakati huo na nimeyaona kwa macho yangu. Gasketi iliyokatwa kwa mkasi kwenye boksi. Raba za kuzuia mtikisiko zilizochongwa kwenye tairi kuukuu la lori. Meno ya sproketi yaliyokwisha, yakajazwa kwa weldingi na kupigwa tupa moja moja mpaka cheni ikakubali. Bushi za shaba zilizokerezwa hapa hapa mjini, zimezunguka miaka thelathini na bado hazijalegea.

Pikipiki yangu mimi ni Honda CG 125, iliyokuwa ya bwana mifugo mmoja wa upande wa Kisarawe. Siku nilipofungua kifuniko cha klachi nilikuta kwa ndani pamegongwa kwa patasi: 0.50, na chini yake 3.86. Asiyejua ufundi ataona mikwaruzo tu. Anayejua anasoma. Silinda ikilika, fundi huipanua kidogo na kutia pistoni ya ovasaizi, kwanza robo milimita, kisha nusu, kisha robo tatu, mwisho milimita nzima. Kwa hiyo Machi 1986 kuna mtu aliipanua injini hii kwa mara ya pili, na akaona vema kumwachia taarifa fundi atakayefuata, ambaye hakumjua na wala hakujua kama atakuwapo. Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kuthamini maandishi ya pembeni kwenye miswada ya kale, yale ya mnakili kusema kitabu kilimalizwa siku gani na nani alikisoma. Basi hicho kifuniko ni ukurasa wa namna hiyo.

Kijana mmoja, msomi, mwenye Yamaha nzuri kuliko pikipiki yangu, alipokiona alicheka. "Bro, hiyo tupa. Ipo mpya Bangkok, kwenye boksi lake, orijino kabisa."

Bangkok! Hakusikia hata alichokisema. Honda imekuwa ikitengeneza pikipiki Thailand tangu miaka ya 1960, na vipuri vingi tunavyovibusu kama vimeshuka kutoka Hamamatsu vimetoka huko, au Indonesia, au kwingineko. Sina tatizo navyo, ni vizuri. Tatizo langu ni kwamba chuma cha Bangkok kinaruhusiwa kuitwa orijino ya Kijapani, ila chuma cha Gerezani kilichoitumikia pikipiki hiyo hiyo miaka mingi kuliko kiwanda chake kinaitwa uchafu.

Na tukienda hadi huko Hamamatsu kwenyewe, hiyo orijino tunayoiabudu inatuponyoka. Soichiro Honda alianza mwaka 1946 kwa kuchukua vijiinjini vya jenereta za redio vilivyobaki jeshini baada ya vita na kuvifunga kwenye baiskeli. Tangi la mafuta la majaribio yake ya kwanza lilikuwa chupa ya maji ya moto, ile ya kupashia kitanda joto wakati wa baridi. Angekuwa Kariakoo tungemwita mbabaishaji. Yamaha nao, pikipiki yao ya kwanza, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata kwa karibu sana umbo la DKW RT 125 ya Wajerumani. Waliiga, wakajifunza, wakaja kuwapita walimu wao. Torakusu Yamaha mwenyewe jina lake lilianza kuvuma baada ya kutengeneza kinanda cha shule kilichoharibika mwaka 1887. Kampuni nzima imetoka kwenye mikono ya fundi wa kukarabati!

Hiyo CG yenyewe ina kisa chake. Wahandisi wa Honda waliibuni katikati ya miaka ya 1970 baada ya kuona jinsi watu wa nchi zetu wanavyozitumia pikipiki: mzigo mkubwa, barabara mbovu, oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Wakaacha mtindo wa kamshafti juu, wakarudi kwenye injini ya fimbo za kusukuma valvu, rahisi kufungua na ngumu kufa. Cheni wakaifunika yote isile vumbi. Yaani injini hii ilichorwa ikimfikiria fundi wa chini ya mwembe. Baadaye Wachina waliichukua, na pikipiki nyingi za Kichina zilizofurika hapa miaka ya 2000, SanLG na wenzake, zimebeba kizazi cha injini hiyo. Ndiyo maana fundi wa bodaboda anaweza kuingiza kifaa cha Mchina kwenye Honda ya babu yako na kikakaa. Wewe unaita feki, yeye anajua ni mjukuu.

Nije kwenye hilo neno feki, maana hapo ndipo wenzangu hunibana. Wanasema: unatetea vitu vinavyoua watu. La. Breki si jambo la falsafa. Brekishu, tairi, cheni, nyaya za breki, hivyo nunua vipya, vizuri, kwa mtu unayemwamini, na ukiona bei ni ya kushangaza ondoka dukani. Lakini tuelewane feki ni nini. Feki ni kitu kinachodai kuwa kisichokuwa. Ni brekishu iliyopigwa chapa ya Honda na mtu ambaye Honda hawamjui. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, hiyo ambayo Tume ya Ushindani huitumia kukamata mizigo, inagombana na uongo wa alama. Bushi ya mzee wa Gerezani haina alama yoyote wala haijawahi kumdanganya mtu. Kuziweka kapu moja na brekishu ya chapa ya kugushi ni dhuluma kwa mzee wa watu.

Wengine hunijia na thamani. Eti ukiuza, mnunuzi anataka kila kitu cha kiwandani. Labda. Lakini hata kwenye maonyesho ya magari ya kale huko Ulaya na Marekani siku hizi kuna kundi maalumu la yale ambayo hayajaguswa na ukarabati, na wenyewe wanayaheshimu kuliko yanayong'aa. Sisi tunaiga ushabiki ambao wenyewe wameanza kuutilia shaka. Na tunauiga Kariakoo, mahali ambapo jina lenyewe ni Carrier Corps iliyovunjika vinywani mwa watu, ikakarabatiwa, na haitamkwi hivyo tena na mtu yeyote mwenye akili timamu. Sijasikia anayetaka kulirudisha jina hilo kiwandani.

Kinachoniuma zaidi, hata hivyo, ni pesa, na hapa siongei kwa mafumbo. Boksi la kutoka nje tunalilipia bila ubishi. Bei imeandikwa kwenye intaneti, usafiri juu, ushuru juu, tunatoa. Fundi akitaja elfu arobaini kukereza bushi, kazi ya nusu siku, tunaanza: "Mzee, punguza basi, sisi si wateja wako?" Laki nne kwa kabureta ya kwenye boksi hatupumui, elfu arobaini kwa ujuzi wa miaka arobaini tunalia njaa. Halafu tukikutana jioni tunasikitika kwamba mafundi wazuri wamekwisha.

Hawajaisha wenyewe. Mzee ninayemtegemea mimi ana mashine ya kukereza ya Kiingereza iliyomzidi umri. Anapima kwa venia, kisha anapitisha ukucha juu ya chuma, na nimeshamwona akiuamini ukucha kuliko venia. Mwanafunzi wake wa mwisho aliacha kazi akaenda kuendesha bodaboda. Simlaumu kijana, bodaboda siku hiyo hiyo unashika hela. Lakini mzee huyo akifunga, na hao watengenezaji wa Japani wanaendelea kila mwaka kufuta vipuri vya zamani kwenye orodha zao, hiyo orijino tutaipata wapi? Boksi la mwisho la Bangkok likishauzwa, tutabaki na pikipiki zinazong'aa sebuleni na hakuna mtu mjini anayeweza kuzitia bushi.

Ninachotaka si kikubwa. Ukibadilisha kitu, usikitupe, kitie kwenye mfuko, andika kimetoka wapi na fundi gani alikitengeneza kama unamjua. Ukiuza pikipiki, mpe mnunuzi na ule mfuko, mwambie ukweli. Kinachofanya kazi kiache kifanye kazi. Ukitaka rangi ya tangi ing'ae, piga rangi, hilo halimdhuru mtu. Na fundi akikutajia bei, ilipe kama unavyolilipa boksi.

Kifuniko changu nimekirudisha mahali pake, na alama zake. Mwaka jana mzee aliipanua silinda tena, tukafika 0.75. Nilimwomba agonge tarehe chini ya ile ya 1986. Aliuliza mwaka ni wa ngapi, akatafuta patasi, akagonga.

Ukitaka kwenda kwake, nenda asubuhi, umeme ukikatika anafunga. Na uende na kile chuma cha zamani, hata kama kimepasuka vipande viwili. Wengi wanamwonyesha picha kwenye simu, wakati chenyewe walishakiuza kwa kilo. Mzee hakerezi kwa picha. Anataka kitu cha kupimia.