Mchuma Janga Hula na wa Kwao

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Mimi naongeza: siku hizi hula hata na jirani asiyechuma.

Ndugu msomaji, mwaka 1997 mvua ya El Nino ilitufurikia hapa Kenya. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini mama husimulia jinsi barabara zilivyobebwa na maji. Sasa sikia ajabu: El Nino hiyo hiyo ilileta ukame kule Indonesia. Misitu ya Sumatra na Kalimantan ikawaka, moshi ukavuka bahari hadi Singapore na Malaysia. Wengi wakalaumu jua. Mimi nasema jua lilisingiziwa.

Huko kuna udongo mweusi wa majani na mizizi iliyooza, ambao kwa kawaida umejaa maji. Wenye mashamba makubwa ya michikichi na ya miti ya karatasi huchimba mitaro ili kuukausha. Wengine husafisha shamba kwa moto, maana kiberiti ni rahisi kuliko tingatinga. Udongo huo ukikauka huwaka chini kwa chini kwa majuma mengi.

Viongozi walikutana, si ati walilala. Mwaka 2002 nchi 10 za ASEAN zilitia sahihi mkataba wa kuzuia moshi huo jijini Kuala Lumpur. Lakini Bunge la Indonesia, nchi yenye moto wenyewe, liliuidhinisha mwaka 2014. Miaka 12! Mwaka 2015 moshi ukarudi kwa kishindo hata shule zikafungwa Singapore na Malaysia. Mtoto aliyezaliwa siku ya sahihi alikuwa na miaka 13. Jamani, karatasi haizimi moto.

Wako watakaosema wenye biashara wasibanwe kwani ndio wanaoleta kazi. Kazi ni muhimu, sikatai. Mama yangu huuza mandazi, na hiyo ndiyo karo yangu. Tena hukaanga kwa mafuta ya michikichi, ambayo Kenya huagiza kwa wingi kutoka Malaysia na Indonesia. Nilimwuliza kama angekubali kulipa zaidi ili msitu usichomwe. Alinyamaza, kisha akasema, "Mafuta yakipanda, mandazi yatapungua ukubwa." Kwa hivyo sisemi mashamba yafungwe. Lakini mama akimwaga maji machafu mlangoni pa jirani, jirani hatangoja miaka 12!

Maoni yangu ni haya. Kwanza, mazungumzo yaandamane na adhabu. Singapore ilitunga sheria mwaka 2014 ya kutoza faini kampuni inayosababisha moshi, hata kama moto uko nchi nyingine. Pili, mezani pawe na kiti cha mkulima mdogo na cha mwanafunzi anayekohoa, sio wavaa tai peke yao.

Nasi tunaochoma takataka nyuma ya nyumba tusicheke. Moshi hauulizi ua ni wa nani.